Kutoka Misikhu Hata Mbale: Alama za Jirani na Maana Zake

Misikhu ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, katika Kaunti ya Bungoma. Mtu akisimama hapo na kuelekea kaskazini, mbele yake yapo mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia. Nyuma yake ipo nchi ya miwa. Na mkono wake wa kushoto umeinuka Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Ng'ambo ya mlima huo ni Uganda, nchi iliyo jirani ya Kenya, na tena mshindani wake tangu zamani.

Ushindani huo waonekana zaidi katika mchezo wa mpira. Mwaka 1926 timu za nchi hizi mbili zilianza kugombea Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza sabuni. Tangu siku hizo kila upande hupenda kuushinda mwingine kuliko kumshinda mgeni yeyote. Timu ya Kenya huitwa Harambee Stars, na ile ya Uganda huitwa Cranes, yaani Korongo. Lakini yule anayeshangilia Korongo wanapofungwa, pengine hajapata kujiuliza kwa nini jirani zake walichagua ndege huyo. Safari fupi ya kwenda Mbale yatosha kumjibu, maradhi awe tayari kusoma alama azionazo njiani.

Alama za biashara

Msafiri aondokaye Misikhu asubuhi hupita Lugulu, akafika Webuye, na hapo hushika barabara ya Bungoma hata Malaba. Alama humpita pande zote mbili za njia, naye hazisomi kwa kuwa amekwisha kuzizoea. Katika vituo vya petroli vya Shell ipo picha ya njano yenye ukingo mwekundu, ambayo mtu aweza kuidhani kuwa ni jua linalochomoza. Sivyo; hilo ni kombe la baharini. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1897 na Marcus Samuel wa London, ambaye baba yake alikuwa akiuza makombe yaliyoletwa kutoka nchi za Mashariki. Biashara ya mafuta ikakua, biashara ya makombe ikasahauliwa, lakini alama ikabaki.

Vivyo hivyo katika bia. Ndovu aliye kwenye chupa ya Tusker hakuwekwa kwa uzuri wake tu. George Hurst, mmoja wa walioanzisha kiwanda hicho Kenya mwaka 1922, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na bia ikapewa jina lililo kumbukumbu ya msiba huo. Nayo bia ya Bell ya Uganda, mtu ajuaye Kiingereza hudhani kwamba jina lake ni kengele. Kumbe jina limetoka katika bandari ya Port Bell karibu na Kampala, na bandari ilipewa jina la Sir Hesketh Bell, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Uganda tangu 1905 hata 1909. Wanywaji wa pande mbili hubishana ipi iliyo bora, na huku bia zote mbili ni za kundi moja la kampuni. Hivyo aonaye alama bila kuuliza asili yake huona nusu tu ya neno.

Fedha, bendera na ngao

Malaba msafiri huonyesha kitambulisho chake, akabadili fedha. Katika mfuko wake mlikuwamo sarafu za Kenya zilizotolewa mwaka 2018, zenye twiga, kifaru, simba na ndovu. Sasa mkononi mwake imo sarafu ya shilingi 500 ya Uganda, na juu yake ni kichwa cha korongo mwenye taji. Akiinua macho humwona tena ndege yule yule katikati ya bendera, amesimama na mguu mmoja umeinuliwa.

Bendera hiyo ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru wa Uganda. Weusi wake ni watu wa Afrika, njano ni mwanga wa jua, na wekundu ni udugu. Korongo alikuwa alama ya nchi hiyo tangu wakati wa ukoloni. Husifiwa kwa upole, na mguu wake ulioinuliwa hufasiriwa kuwa ni nchi inayokwenda mbele. Katika ngao ya serikali amesimama upande mmoja, na upande wa pili yupo swala. Kati yao ni ngao yenye mawimbi ya ziwa, jua na ngoma, na nyuma yake mikuki miwili iliyopishana. Chini unapita mto Nile, na kando yake mimea ya kahawa na pamba. Maneno yaliyoandikwa maana yake ni: Kwa Mungu na Nchi Yangu.

Mkenya atazamaye ngao hiyo kwa makini hataona mambo mageni sana. Ngao ya Kenya nayo ina mikuki, iliyoshikwa na simba wawili. Katikati yupo jogoo mwenye shoka, ambaye huelezwa kuwa mpiga mbiu wa mapambazuko mapya; naye alikuwa pia alama ya chama cha KANU. Chini ni Mlima Kenya pamoja na mazao ya nchi, kama kahawa, chai, mahindi, mkonge na pareto. Mmoja amechagua jogoo na mwingine korongo. Mmoja ameweka mlima na mwingine mto. Lakini wote wawili wamesema jambo moja: kwamba watalinda nchi yao, na kwamba wataishi kwa jasho la mkulima.

Mpaka nao ni alama

Kutoka Malaba njia hupita Tororo, penye jiwe kubwa lionekanalo kutoka mbali, ikapanda hata Mbale. Huko wakazi ni Wamasaba, na lugha yao ni jamaa ya Kibukusu, hata mtu wa Misikhu huyafahamu mengi bila mkalimani. Pande zote mbili vijana hutahiriwa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mlima uliokuwa kushoto kwa Misikhu sasa uko upande wa pili, lakini jina lake ni lile lile.

Hata tarehe 1 Aprili 1902 Misikhu yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda. Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea hata Naivasha. Siku hiyo serikali ya Kiingereza ililihamisha, na sababu moja ilikuwa kuiweka reli yote ya kutoka Mombasa hata Kisumu chini ya utawala mmoja. Basi Reli ya Uganda ikabaki na jina lake, ingawa wakati huo haikukanyaga Uganda.

Ramani ya zamani iliposomwa vibaya ilileta hatari. Februari 1976 Idi Amin, aliyekuwa akitawala Uganda, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda kwa asili. Habari ya ramani ilikuwa ya kweli. Maana aliyoipa ndiyo iliyokuwa mbaya. Kenya ilikataa katakata, na wakuu wa Afrika walikuwa wamekwisha kukubaliana Cairo, mwaka 1964, kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Lau vita vingalizuka, wangalipigana watu wa mlima mmoja.

Korongo hajui mpaka

Msafiri akirudi nyumbani atambue jambo moja zaidi. Korongo wa bendera ya Uganda yupo Trans Nzoia pia. Hutaga katika vinamasi vya huko, kama Saiwa, mbuga ndogo iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, naye hutoka kutafuta wadudu na mbegu katika mashamba ya wakulima. Lakini tangu mwaka 2012 ndege huyu amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani, kwa sababu vinamasi vinakaushwa na kulimwa, na ndege wengine hunaswa au kutiliwa sumu.

Mkulima wa Kitale au Bungoma akikausha kinamasi hupata magunia machache ya mahindi. Pamoja na hayo hupoteza maji ya kiangazi, na humfukuza ndege aliye fahari ya taifa la jirani. Naye Mganda akikausha cha kwake hufanya vilevile. Mpira na uendelee, na kila mtu ashangilie timu yake kwa sauti kuu. Lakini kinamasi kiachwe na maji yake, ili korongo asibaki katika sarafu na bendera tu.