Makochi, Dira na Kiti cha Baba

Leo naomba siasa tuiweke kando. Najua wapo mliotarajia niseme neno kuhusu bajeti. Bajeti ipo, haikimbii. Leo tuongelee sebule. Ndiyo, sebule! Pale penye makochi, kabati la vyombo na luninga, mahali ambapo wengi wetu tumepapanga kwa kanuni moja tu: soketi iko wapi?

Kilichonifikisha huku ni Baba. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Aliuguzwa kijijini kwa miezi kadhaa, kisha familia ikakaa kikao na kuamua aje kuishi nami hapa Sinza. Huyu ni mtu aliyezoea kukaa kibarazani kwake, akimwona kila apitaye njiani na kuamkiwa na kila mtoto. Sasa anakuja kwenye nyumba ya kupanga, na tangu asubuhi hadi jioni atakuwa amekaa. Mtu kama huyo unamweka pembe ipi ya nyumba? Ukimweka vibaya, umemgeuza kuwa mzigo unaotazama ukuta. Hapo ndipo nilipoanza kusoma mambo ya Wachina na Wahindi, maana wenzetu hawa wameandika juu ya kupanga nyumba kwa karne nyingi.

Tuanze na Wachina. Elimu yao inaitwa feng shui, yaani "upepo na maji". Moja ya maandiko yake ya kale ni kitabu cha mazishi kinachonasibishwa na Guo Pu, mwanazuoni aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324. Naam, mazishi! Suala lilikuwa umzike wapi mzee wako ili wazao wapate heri. Kiini chake ni nguvu iitwayo qi (tamka "chi"), ambayo upepo huitawanya na maji huituliza. Mpangaji mzuri anahakikisha qi inaingia ndani, inazunguka taratibu, haitoki mbio wala haitwami kama maji ya mtaroni. Kwa upande wa sebule, kanuni kubwa ni hii: kiti cha mkubwa kiwe na ukuta imara mgongoni, kiuone mlango, lakini kisiwe kimenyookeana nao.

Wahindi nao wana vastu shastra, elimu ya makazi. Wao huchora mraba uliogawanywa katika vyumba vidogo 64 au 81, na ndani yake analala kiumbe aitwaye Vastu Purusha, kichwa kaskazini-mashariki, miguu kusini-magharibi. Kila pembe ina kazi yake. Kaskazini-mashariki ni ya maji na sala, hivyo iachwe nyepesi na safi. Kusini-mashariki ni ya moto, ndiyo maana jiko huwekwa huko. Kusini-magharibi ni ya ardhi: weka vitu vizito, na mkubwa wa nyumba akae huko. Kaskazini-magharibi ni ya upepo. Katikati paachwe wazi kabisa. Usidhani ni mambo ya vijumba tu. Mji wa Jaipur, ulioanza kujengwa mwaka 1727, ulipangwa kwa mraba wa namna hiyo wenye sehemu tisa.

Sasa utamu uko hapa: wakubwa hawa wawili hawakubaliani! Mchina anapenda nyumba itazame kusini. Kwake kusini ni moto, ni sifa njema. Mhindi ukimwambia mlango wako unatazama kusini anakunja uso, maana huko ndiko kwa Yama, mungu wa mauti. Utajiri kwake uko kaskazini, kwa Kubera. Basi mimi mpangaji wa Sinza nimfuate nani?

Nilipofikiri sana nikaona jibu liko angani. China ya kaskazini ina baridi kali inayovuma kutoka Siberia, na jua la majira ya baridi liko upande wa kusini. Ungekuwa wewe ungeelekeza nyumba wapi? India nako, wapo wasanifu majengo wanaosema kwamba jua kali la alasiri hupiga zaidi kusini-magharibi, hivyo kuweka kuta nene na mizigo upande huo ni kujikinga na joto. Sina ushahidi kwamba qi ipo au kwamba Kubera anapita mtaani kwetu akigawa noti. Lakini watu waliotazama jua lao na upepo wao kwa karne nyingi hawakosi la kutufundisha.

Na sisi je? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita kaskazini kwetu, halafu linahamia kusini. Upepo tunaujua tangu enzi za majahazi: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi. Hiyo ndiyo feng shui yetu, na hatukuagiza kwa meli!

Basi nikatoa dira ya simu, nikamwita mdogo wangu, tukaanza kusukuma. Mlango wa sebule yangu uko mashariki, karibu na pembe ya kaskazini. Kochi kubwa lilikuwa limeziba dirisha la kaskazini, tukaliondoa. Dirisha la kusini lipo tayari, kwa hiyo sasa kusi inaingia huku na kutokea kule, na feni inapumzika. Meza ya kioo ya katikati tukaitoa kabisa. Mhindi anasema katikati paachwe wazi, Mchina anasema qi ipate njia, na mimi nasema mtu anayetembea kwa fimbo hahitaji kioo wala ncha za zulia kati yake na choo. Wote watatu tumekubaliana.

Kiti cha Baba tukakiweka pembe ya kusini-magharibi. Mgongoni ukuta, mbele yake sebule nzima, na mlango anauona kwa mshazari. Hapo Wachina na Wahindi, ambao walikuwa wakigombana mpaka sasa hivi, wamepeana mikono. Stuli ya maji, dawa na redio iko mkono wa kulia, ule wenye nguvu. Luninga kwa mujibu wa vastu ingekaa pembe ya moto, lakini soketi iko kaskazini-magharibi na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Fundi umeme kamshinda Vastu Purusha.

Shangazi alipokuja na kuniona na dira aliguna. "Mwanangu, haya si ya waganga?" Nikamwambia, "Shangazi, sijanunua chura wa sarafu, sijatundika kengele, sijachinja hata kifaranga. Nimesogeza kochi tu." Huo ndio ushauri wangu kwenu pia. Kuna biashara kubwa ya vikorokoro vinavyouzwa kwa jina la elimu hizi. Ukiambiwa bahati yako iko dukani, shika mfuko wako. Ushauri ulio bora humu haugharimu senti: fungua dirisha, acha njia, mpe mkubwa ukuta wa kuegemea na mlango wa kutazama.

Baba alifika wiki tatu zilizopita. Hajui habari za qi na sijamwambia. Ninachojua ni kwamba geti likilia yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Nani huyo?" Watoto wa jirani wakichungulia mlangoni, shikamoo inaanzia kwake, naye anaitikia marahaba kwa sauti ya mwenye nyumba. Bado kila jioni ananiuliza ni lini atarudi kwake, na sina jibu. Makochi hayawezi kujibu hilo. Lakini anauliza akiwa amenitazama usoni, kwenye kiti chake, si kwa kuugeukia ukuta.

Haya, kasogezeni makochi yenu. Bajeti tutaizungumza wiki ijayo, tukijaliwa.