Koo Kabla ya Ulimi

Mgonjwa anaweza kupaliwa bila kukohoa. Maji yanapenya kwenye njia ya hewa na kuteremka mapafuni, naye ametulia anakutazama, uso hauna dalili yoyote. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonishtua nilipoanza shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha hapa Marekani, katika mkondo unaoandaa watu wa kufanya kazi hospitalini. Nilikuja nikitarajia kujifunza namna ya kuwarudishia watu maneno. Leo, nikiingia wodini asubuhi, majina mengi kwenye orodha yangu ni ya watu wanaosubiri kujua kama wataruhusiwa kula.

Njia ya hewa na njia ya chakula hukutana kooni, na usalama wetu unategemea kazi inayofanyika kwa muda wa kama sekunde moja. Kaakaa laini hunyanyuka kuziba njia ya puani. Zoloto hupanda na kusogea mbele, kidakatonge huinamia mlango wake, nyuzi za sauti hujifunga, pumzi husimama, na mlango wa juu wa umio hufunguka. Kiharusi kidogo kwenye shina la ubongo kinatosha kuvuruga mpangilio huo. Hali kadhalika mionzi ya kutibu saratani ya koo, ugonjwa wa Parkinson, au mpira wa kupumulia uliokaa kooni kwa siku nyingi.

Ndiyo maana muhula wa kwanza ulikuwa wa neva. Katika jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, kuna zile tulizotakiwa kuzijua kila tawi: ya tano, ya saba, ya tisa, ya kumi na ya kumi na mbili. Nilidhani ni kukariri kwa ajili ya mtihani tu, mpaka tulipofika kwenye tawi la neva ya kumi linaloendesha nyuzi za sauti. Tawi la kushoto halielekei moja kwa moja kwenye zoloto. Linateremka kwanza hadi kifuani, linazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, kisha linapanda tena shingoni. Kwa hiyo mtu aliyepasuliwa moyo anaweza kuamka sauti imekauka na maji yanampalia, ingawa hakuna kisu kilichogusa koo lake. Mwanafunzi anayelijua hilo akisoma faili la mgonjwa huyo anajua atafute nini kabla hajafungua mlango wa chumba.

Kisha kuna chumba cha eksirei, ambacho kwangu mimi ndicho kilikuwa darasa lenyewe. Mgonjwa huketi wima, nasi humpa vitu vilivyochanganywa na beriamu: maji kidogo kwa kijiko, maji kwa kikombe, kitu laini, biskuti. Mashine hurekodi picha 30 kwa sekunde. Jeri Logemann, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Northwestern, ndiye aliyeufanya uchunguzi huu kuwa sehemu ya taaluma yetu, na kitabu chake cha mwaka 1983 kililea kizazi kizima cha wataalamu. Mwaka 1988 Susan Langmore na wenzake wakaeleza njia nyingine, ya kupitisha kamera nyembamba puani na kulitazama koo kutoka juu mgonjwa akila chakula chake cha kawaida. Tulitakiwa kuzijua zote mbili, na kuwa tayari kueleza kwa nini umechagua moja kwa mgonjwa huyu na si ile nyingine.

Chama cha taaluma yetu, ASHA, kinataka saa 400 za mafunzo kwa vitendo, 25 kati yake zikiwa za kutazama. Kuna pia mtihani wa taifa na, baada ya kuhitimu, wiki 36 za kazi chini ya msimamizi. Kanuni inadai ukutane na watu wa umri tofauti na matatizo tofauti, na hilo ni jema. Ila saa zinazohesabiwa zinaweza kupatikana karibu popote, na mimi naamini kwa moyo wangu wote kwamba anayekusudia kufanya kazi na wagonjwa mahututi awe amekaa nao akiwa bado mwanafunzi, kwa miezi, pembeni ya mtu anayeijua kazi hiyo. Kuzima kengele ya mashine mtu hufundishwa kwa siku moja. Kutambua kwamba mgonjwa anayepumua kwa kasi hawezi kusimamisha pumzi muda wa kutosha ameze salama kunahitaji muda mrefu zaidi.

Na bado hilo si gumu kuliko yote. Gumu kuliko yote ni kujua lini usimzuie mtu kula.

Ukishaona kwenye picha maji yakiingia njia ya hewa, hofu inakushika, na dawa ya hofu iko karibu sana: andika asipewe kitu kwa mdomo, au andika kila kinywaji kichanganywe na unga wa kufanya maji yawe mazito, kwa kuwa kizito huteremka polepole na koo linapata nafasi ya kujifunga. Kwenye eksirei njia hiyo mara nyingi inafaulu. Nje ya chumba cha eksirei mambo hubadilika. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, wa wagonjwa wenye Parkinson au maradhi ya kupoteza kumbukumbu, haukuonyesha tofauti ya kutegemewa ya nimonia kati ya waliopewa maji mazito na waliokunywa maji ya kawaida kidevu kikiwa kimeinamishwa. Waliopewa maji mazito ndio walioongoza kwa kukaukiwa na maji mwilini, homa na maambukizi ya njia ya mkojo. Na miaka kumi nyuma yake, Langmore na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kupaliwa peke yake hakutoshi kuleta nimonia. Wanaoipata zaidi ni wale wanaolishwa na mtu mwingine, wasioweza kujisafisha kinywa, wenye meno mengi yaliyooza. Bakteria wa mdomoni ndio wanaosafiri na yale maji.

Kwa hiyo siku hizi mswaki ni kifaa changu cha kwanza cha tiba. Nasema hivyo kwa wauguzi, kwa madaktari, na kwa ndugu wanaokuja na chungu cha uji. Hapa Louisville, Kentucky, katika hospitali ya tiba ya urekebishaji ya Frazier, ndiko kulikoanzia miaka ya 1980 utaratibu wa kumruhusu mgonjwa anayepaliwa anywe maji safi matupu kati ya milo, mdomo ukiwa umesafishwa kwanza. Si kila mgonjwa anafaa. Lakini mtu aliyenyimwa maji wiki nzima, ukimpa glasi ya maji baridi, unaelewa kwa nini suala hili halipaswi kuamuliwa na hofu ya mtaalamu.

Uji nimeutaja kwa sababu. Mji huu una familia nyingi zilizotoka mashariki ya Kongo, na vyakula vyao havimo kwenye vitabu tulivyosomea. Uzito wa kinywaji hupimwa kwa njia inayotumika kimataifa: jaza bomba la sindano la mililita 10, liache litiririke kwa sekunde 10, tazama kimebaki kiasi gani. Uji unapimika hivyo hivyo jikoni kwa mtu, bila mashine. Ila uji ni wanga, na mate huvunja wanga, hivyo uliopimwa mzito kikombeni unaweza kuwa mwepesi mdomoni mwa mtu anayemeza polepole. Ugali una shida ya namna nyingine: unashikamana, na ulimi dhaifu hauwezi kuukusanya. Nimekaa na akina mama wa Uvira na Bukavu tukilainisha ugali kwa mchuzi wa sombe (kisamvu) mpaka uma unazama bila kusukumwa sana. Hakuna mwongozo ulionipa hilo.

Lugha nayo ina mitego yake. Elimu ya afasia, yaani kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia, ilianza na wagonjwa waliosema Kifaransa na Kijerumani, kwa Broca mwaka 1861 na Wernicke mwaka 1874, na vipimo vingi tunavyotumia leo vimetungwa kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza mgonjwa mara nyingi huangusha viambishi vya mwisho wa neno. Katika lugha ambazo shina haliwezi kusimama peke yake, imeonekana kwamba mgonjwa huelekea zaidi kubadilisha kiambishi kuliko kukiacha. Basi nilipokaa na mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi, mkalimani wa simu, msemaji wa Kiswahili cha pwani, aliniambia kwamba upatanisho wa mzee umeharibika: anasema "kisu yangu", "kitu ingine". Kwa karatasi ilionekana kama dalili. Nilimgeukia binti yake nikamuuliza baba alisemaje kabla hajaugua.

"Njo vile anasemaka siku zote, dada," akanijibu.

Na kweli, Kiswahili cha Bukavu, Goma au Lubumbashi kina upatanisho wake, tofauti na ule wa Unguja, na anayekisema hajakosea chochote. Afasia ya mzee ilikuwa mahali pengine: majina ya vitu yalimkimbia, akawa anaeleza kazi ya kitu badala ya kukitaja. Tungeyapokea maneno ya mkalimani yalivyo, tungetumia wiki nzima kurekebisha lahaja ya mtu mzima na kuuacha ugonjwa wake vilevile.

Sasa nami napokea wanafunzi wa uzamili wanaokuja kutimiza saa zao. Kabla hawajaandika pendekezo lolote kwenye faili, nawataka wanijibu wakiwa wamesimama mlangoni: kinywa cha mgonjwa kimesafishwa saa ngapi na nani, anaweza kujilisha mwenyewe, nyumbani alikuwa anakula nini, alikuwa anazungumza vipi na kwa lugha zipi, na je, yeye mwenyewe ameulizwa kama yuko radhi kubeba hatari ya kupaliwa ili aendelee kula. Wakikosa jibu la hilo la mwisho, tunarudi ndani tukamuulize.