Usipoziba Ufa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, methali hii hutimizwa juu ya mtungi wa plastiki wa lita 20. Pale ambapo kaya nyingi hununua maji kwa mtungi, mtungi uliopasuka ni hasara inayodondoka njia nzima, kutoka kioskini hadi mlangoni.

Zana za fundi wa mitungi ni chache: jiko la makaa, kisu kikuukuu na vipande vya plastiki. Hukitia kisu motoni, akakipitisha juu ya ufa hadi kingo zikalainika, akayeyushia kiraka hapo na kukikandamiza. Gundi hatumii. Mteja mwenye haraka anyooshapo mkono, fundi humzuia: ngoja kwanza kishike.

Je, ni nini hasa kinachoshika? Plastiki ni polima, yaani molekuli ndefu mithili ya minyororo. Hermann Staudinger, Mjerumani, alilitoa wazo hilo mwaka 1920, nao wanakemia wengi wakalipinga. Mwaka 1953 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Polithini ngumu ya mtungi ifikapo takriban nyuzi 130 za Selsiasi, minyororo hiyo hupata uhuru wa kujongea. Lakini itajongeaje ilhali imesongamana? Mwaka 1971, Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alieleza kuwa kila mnyororo hutambaa kwa urefu wake, kama nyoka apitaye katikati ya magugu. Kiraka hushika pale minyororo ya upande mmoja inapovuka mpaka na kusukana na ya upande wa pili. Nadharia hiyo huonyesha kwamba, kabla kiungo hakijakomaa, kuiongeza nguvu yake maradufu hudai muda mara 16. Subira hapa si wema tu, ni kipimo.

Aidha, minyororo ya jamii tofauti aghalabu haisukani. Ndiyo maana fundi stadi huuziba mtungi kwa kipande cha mtungi, wala si cha chupa ya soda. Akikosea, kiraka kitabanduka mzigo ukiwa mgongoni mwa mtu.

Kanuni iyo hiyo huitawala printa ya 3D, ambayo kampuni ya AB3D ya Nairobi imewahi kuiunda kwa kutumia baadhi ya mabaki ya vifaa vya elektroniki. Printa ya aina hii huyeyusha uzi wa plastiki, aghalabu kwenye nyuzi 200 hivi, na kuutandaza tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka jipya lina muda mfupi mno wa kusukana na lililo chini yake kabla halijapoa na kuganda. Kwa hiyo kifaa kilichochapwa kwa pupa huvunjika papo hapo penye maungio. Kwa hakika, printa hujenga ukuta kwa kuziba ufa mmoja baada ya mwingine.

Mwanafunzi wa Kiswahili atafutaye istilahi za sayansi hii asianzie kamusini pekee. Kushika, kusukana, kuganda: maneno yako tayari, na yanafanya kazi kando ya jiko la makaa. Huko fundi hujaza mtungi maji, akauinamisha, akapitisha kidole juu ya kiraka. Kidole kikirudi kikavu, ndipo anapodai ujira wake.