Themostati ya Dizeli: Kumbukumbu za Gereji ya Iringa

Themostati ni vali inayojiendesha kwa joto. Hukaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, vali huziba njia hiyo na maji yakazunguka ndani kwa ndani hadi yapate moto. Hapo huanza kufunguka kidogo kidogo, na rejeta ikaingia kazini. Kinachoisukuma ni nta iliyofungiwa ndani ya kikombe cha shaba. Nta ikiyeyuka hutanuka, hubana mpira uliozunguka kipini cha chuma, na kipini kikalazimika kutoka na kuishinda springi. Muundo huo aliubuni Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930, ukaziondoa polepole zile za zamani za mfuko wa bati uliojaa spiriti, ambazo zilivurugwa na presha ya maji pindi rejeta zilipoanza kufungwa kwa mfuniko wa presha. Nta haijali presha. Hujali joto peke yake.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alizaliwa Kilosa, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akamaliza darasa la saba na kupelekwa Iringa kwa mjomba. Mjomba akamtia gereji. Miaka ya kwanza ilikwenda kwa kuosha nati kwa dizeli, kushika taa na kutumwa chai, na haina cha kusimulia. Cha kusimulia kilianza alipokabidhiwa kwa fundi mkuu wa injini, ambaye hapa ataitwa Mzee tu, maana wanawe hawajaombwa ruhusa. Mzee sasa ni marehemu, mwandishi amestaafu, na vijana waliobaki kwenye mabenchi yale wameanza tena kung'oa themostati na kuzitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Ndiyo sababu ya maandishi haya.

Hoja ya kung'oa inajulikana kwa kila dereva wa barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma: nchi hii ni ya joto, themostati ni ya Wazungu wenye theluji, inazuia maji bure. Barabara yenyewe inaipinga hoja hiyo. Gari linalotoka Ruaha Mbuyuni, penye joto kali, huupanda Mlima Kitonga kwa gia ndogo huku mshale wa geji ukikaribia kwenye nyekundu. Siku hiyohiyo hulala Makambako au Njombe, ambako asubuhi ya Julai maji ya ndoo hayashikiki. Injini ni ileile, dereva ni yuleyule.

Themostati ya injini nyingi za dizeli ina sahani mbili. Ya juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na ya chini, kwa mwendo huohuo, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiichomoa, njia zote mbili hubaki wazi. Sehemu ya maji ya moto hukimbilia njia ya mkato kwa kuwa ndiyo nyepesi, na rejeta hupata kilichosalia. Kwa hiyo gari ambalo themostati yake ilitolewa ili lisichemshe huweza kuchemsha kwa sababu hiyohiyo, mlimani, likiwa na mzigo. Kwenye tambarare, asubuhi, huwa kinyume chake: injini haifiki joto lake. Dizeli isiyoungua vizuri hupita kando ya pistoni na kuingia kwenye oili, moshi mweupe hukawia kuisha, na salfa ya mafuta ikikutana na mvuke kwenye kuta baridi za silinda hugeuka asidi inayokula chuma. Balaa la salfa lilipungua Afrika Mashariki ilipohamia dizeli ya sehemu 50 kwa milioni, mwaka 2015. Mengine yote yako palepale.

Mzozo mkubwa ulihusu kundi la Land Cruiser za mradi mmoja, zote za injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 na lita 4.2 iliyotoka mwaka 1990 na ambayo vijijini huaminiwa kuliko daraja. Mkuu wa usafiri wa mradi aliagiza themostati zote zitolewe. Alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na injini aliijua kwa kuiona kwenye ankara.

"Mzee, hapa siyo Ulaya," alisema.

"Ndiyo, bwana mkubwa. Lakini injini haijui iko wapi. Inajua nyuzi tu."

Amri ilibaki amri. Mzee alizitoa, akazifunga kila moja kwenye kitambaa chenye namba ya gari, na kwenye kila kadi ya kazi akaandika "imetolewa kwa agizo la ofisi", akaomba saini, akapewa. Magari yaliporudi kabla ya wakati, oili ikiwa nyeusi na nyepesi kama chai ya rangi, na moja likivutwa kutoka Kitonga na gasketi ya silinda hedi imekwisha, kadi zilitolewa kabatini. Mkuu wa usafiri alihamishwa, kwa cheo cha juu zaidi. Themostati zilirudishwa moja moja, bila barua.

Kurudisha ndiko kulikoleta swali la kununua ipi, na hapo Mzee alikuwa na utaratibu ambao mwandishi hajaona wa kuushinda. Cha kwanza ni umbo, siyo bei. Mpya huwekwa kando ya ya zamani: upana wa ukingo, urefu wa kikombe, na zaidi ya yote ile sahani ya chini. Duka linaweza kuuza themostati inayoingia vizuri kwenye tundu lake lakini haina sahani ya pili, au inayo fupi isiyofika kuziba njia ya mkato. Hiyo ni sawa na kutoweka kitu.

Cha pili ni nyuzi. Namba hugongwa kwenye ukingo au kwenye kikombe: 76.5, 82, 88. Ndizo nyuzi za kuanza kufunguka, siyo za kufunguka yote, ambazo huwa juu yake kwa zaidi ya nyuzi 10. Kwa 1HZ zinauzwa za 76.5 na za 82, na mafundi wa Iringa wamegombana juu yake kwa miaka mingi. Mzee alifunga 76.5 kwenye magari ya kubeba mizigo kuelekea bondeni, na 82 kwa yanayobaki Mufindi na Njombe. Mwandishi anakubali. Asichokubali ni desturi ya kushusha nyuzi ili kutibu gari linalochemsha. Themostati huamua injini isipoe kupita wapi. Haina uwezo wa kuongeza upoozaji wa rejeta iliyoziba, feni iliyolegea au pampu ya maji iliyokatika mapanga.

Cha tatu ni uimara wenyewe. Themostati nzuri, ya Tama ya Japani au Wahler ya Ujerumani kwa mfano, huonekana kwenye viungo: miguu ya fremu imekunjwa na kubanwa sawasawa, sahani inakaa katikati ya kiti chake bila kuacha mwanga ukiielekeza dirishani, springi haina ncha inayokwaruza. Ya bandia huwa na bati jembamba linalopinda kwa vidole na namba iliyochapwa kwa wino. Boksi lisitazamwe kabisa; kuigiza boksi ni rahisi kuliko kuigiza nta. Pete ya mpira ya ukingoni iwe mpya kila mara. Ubishi mmoja haujaisha: Mzee aliamini kwamba themostati ya mtumba iliyokuja ndani ya injini kutoka Japani ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Mwandishi huona kwamba mpira wa ndani hauonekani na umri wake haujulikani, kwa hiyo mtumba ni bahati nasibu hata ukipita kipimo.

Na kipimo ni lazima, hata kwa ya boksi la kampuni. Uzi hubanwa kwenye mdomo wa vali ikiwa baridi, themostati ikaning'inizwa ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Moto uwe mdogo, maji yakorogwe. Inapoanza kufunguka, uzi huachia na themostati hudondoka. Nyuzi zisomwe hapohapo. Iliyoandikwa 82 idondoke kati ya 80 na 84. Kisha maji yaachwe yapoe, na vali ifunge kabisa bila kusaidiwa.

Hapa ndipo vijana wa nyanda za juu hudhulumu wauza spea. Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na maji ya sufuria huchemka huko karibu na nyuzi 95. Njombe, chini ya 94. Themostati ya 88 inahitaji karibu 100 ili ifunguke yote. Fundi akiitazama kwenye maji yanayotokota, akaona haijafika mwisho, asiirudishe dukani, kwa sababu mbovu ni kipimo chake. Ndani ya injini maji yako chini ya mfuniko wa presha, unaopandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 20. Kijana asiyejua hilo aache sufuria na ashike kitabu kwanza.

Kufunga hakuna mengi. Kiti kikwanguliwe kutu, kikombe cha nta kielekee upande wa injini, na kile kipini kidogo kinachocheza kwenye tundu la ukingo kikae juu kabisa, kwa kuwa ndicho kinachotoa hewa maji yanapojazwa. Kikikaa chini, hewa hubaki imenaswa, na nta iliyozungukwa na hewa haipati joto la maji. Maji ya kisima chenye chumvi au chokaa huigandisha themostati yoyote, ya Japani kwa ya bandia. Maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu ndiyo nusu ya uimara.

Dizeli za karibuni zimeanza kuja na themostati yenye waya: ndani ya nta kuna kipasha joto kinachoamriwa na kompyuta ya injini kuifungua mapema mzigo unapozidi. Nyumba yake mara nyingi ni ya plastiki, hununuliwa nzima, na haikubali mbadala wa kukisia. Sufuria bado inapima nta yake. Waya hupimwa kwa mita ya umeme, na kompyuta husomwa kwa mashine.