Ukungu Nyuma ya Joho

Siku za mahafali hapa Chuo Kikuu cha Makerere, uwanja wa Freedom Square hujaa watu wa aina tatu: wahitimu, jamaa zao, na sisi wapiga picha. Wahitimu wengi wa siku hizi huja na ombi moja: "Nitolee ile inayofifisha nyuma." Wanataka uso uonekane wazi, joho lionekane mpaka mishono yake, na kila kilichoko nyuma kiyeyuke kama samli kikaangoni. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, na sehemu ya karo yangu hutoka katika picha hizo. Kwa hiyo swali la ni lenzi ipi inayofifisha nyuma vizuri zaidi si mchezo kwangu. Lenzi moja nzuri ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa. Kabla ya kutoa fedha hizo nilitaka kujua ninachonunua.

Nianze na jina, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Wajapani huuita ukungu huo boke, na ndio waliowafundisha wengine kuujadili. Mwaka 1997 jarida la Photo Techniques la Marekani lilichapisha makala kuhusu jambo hili, na mhariri wake, Mike Johnston, akaongeza herufi h mwishoni mwa neno ili wasomaji wa Kiingereza wasilitamke vibaya. Katika Kijapani neno hilo hilo hutumika pia kwa akili ya mzee inayoanza kusahau. Nilipowauliza wenzangu tuliite nini kwa Kiswahili, wengine walisema utusitusi, wengine ufifi, wengine ukungu. Ukungu una kasoro yake: ukungu wa asubuhi huziba hata kilicho mbele, ilhali huu hukaa nyuma na kumwacha mtu wazi. Hata hivyo nitalitumia, maana mhitimu akilisikia anaelewa papo hapo.

La muhimu zaidi ni kwamba Wajapani hawakuishia kwenye kiasi cha ukungu. Walitazama pia tabia yake. Lenzi mbili zaweza kufifisha kwa kiasi kimoja, lakini moja ikatoa ukungu laini na nyingine ukungu wa fujo. Hapo ndipo ulinganisho wangu ulipoanzia.

Nilikuwa na lenzi yangu ya Canon ya milimita 50, ile ya f/1.8 iliyotoka mwaka 2015. Ni nyepesi, gramu 160 tu, na ndiyo ya kwanza kwa wapiga picha wengi wasio na fedha. Nikaazima ya milimita 85, nayo f/1.8, ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 1992 na yenye uzito wa gramu 425. Ya tatu ilikuwa Helios 44-2 ya milimita 58, f/2, lenzi ya Kisovieti iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kamera za Zenit. Muundo wake ulitokana na Biotar ya Carl Zeiss ya kule Jena, Ujerumani. Hiyo ni ya mzee mmoja mpiga picha mjini, naye aliniambia, "Mwanangu, hii haina umeme wala motokaa. Utazungusha kwa vidole." Kweli, fokasi yake ni ya mkono, na inahitaji pete ya kuiunganisha na kamera yangu ya mtumba. Mwenzangu wa chumbani alikubali kukaa mbele ya kamera, kwa malipo ya chapati na mayai.

Jioni tulikwenda pembeni mwa barabara ya Wandegeya, kwenye taa za magari, za bodaboda na za vibanda vya chakula. Taa ndogo iliyo mbali ndiyo kipimo kizuri cha ukungu, kwa sababu kila taa hugeuka duara, na duara hilo hukuonyesha tabia yote ya lenzi. Ukubwa wake hutegemea upana wa tundu la lenzi. Tundu la f/1.8 maana yake ni urefu wa lenzi ugawanywe kwa 1.8, kwa hiyo lenzi ya 50 ina tundu la kama milimita 28, na ya 85 lina milimita 47. Taa ikiwa mbali sana, duara lake pichani huwa na upana uo huo ukilipima kando ya uso wa mtu, kana kwamba umembandikia sarafu shavuni. Duara la milimita 47 karibu na uso wenye upana wa sentimita 14 au 15 ni theluthi ya uso mzima. Ndiyo maana picha za 85 huvutia macho.

Tabia sasa. Katika lenzi ya 50 maduara yalikuwa na ukingo mkali, kama sahani iliyochorwa mstari pembeni. Katika ya 85 ukingo ulikuwa hafifu zaidi na nuru imetandazwa sawasawa, ingawa vitu vyeupe vya nyuma vilizungukwa na rangi ya kijani kidogo, na vya mbele zambarau. Katika Helios maduara yaliyo pembeni yalibanwa yakawa kama mbegu za tikiti, yote yakiizunguka katikati. Umbo hilo hutokea kwa sababu nuru inayoingia kwa mshazari hukatwa na kuta za lenzi yenyewe. Kamera yangu ina sensa ndogo, hivyo huikata ile sehemu ya pembeni ambako mzunguko huo huonekana zaidi. Kwenye sensa kubwa ungezidi.

Nilipopunguza tundu mpaka f/4, nikaona kazi ya vibati vinavyolifunga. Lenzi yangu ina vibati saba vilivyopindwa, kwa hiyo maduara yalibaki karibu na mviringo. Toleo lililoitangulia, la mwaka 1990, lina vitano tu, na taa zake hugeuka pembetano. Mtu anayenunua ya mtumba na alijue hilo.

Kesho yake asubuhi tulihamia chini ya miti, ambako lenzi hupata taabu kuliko kwenye taa. Majani madogo na nyasi ndizo humfichua mwongo. Ukungu wenye ukingo mkali huugawa kila unyasi mmoja ukawa mistari miwili, na nyuma ya mtu kunakuwa na vurugu kama mkeka uliofumuka. Wajapani wana jina la ugonjwa huo: nisen-boke, ukungu wa mistari miwili. Ya 50 ilikuwa nao. Mwenzangu alipoitazama picha alisema kichwa chake kinaonekana kama kimetua kwenye kiota. Nilipomsogeza hatua kumi mbele, mbali na vichaka, vurugu ikapungua sana. Mgala muue na haki yake umpe: lenzi ya bei nafuu ikipewa nafasi ya kutosha nyuma ya mtu, wateja wengi hawataitambua.

Na simu? Wahitimu wengi huniuliza kwa nini wanilipe ilhali simu zao zina ukungu. Tundu la simu lina milimita chache tu, kwa hiyo ukungu wake mwingi hautoki kwenye kioo. Programu hukisia kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, kisha hupaka ukungu pale inapodhani ni nyuma. Kwa mtu mwenye kichwa kilichonyolewa kazi yake si mbaya. Lakini tulipojaribu kwa dada mmoja wa darasa letu mwenye nywele za asili alizoziachia, simu iliupunguza mduara wa nywele zake kama kinyozi mwenye haraka. Kishada cha kofia ya mhitimu nacho huliwa nusu. Lenzi haikisii. Unywele ulio kwenye fokasi hubaki, hata ukiwa mmoja.

Mpaka hapo nilikuwa na jibu: ya 85 ndiyo bora. Ndipo nikakaa na daftari nikapiga hesabu nyingine, na hii ndiyo iliyonikalisha macho. Ukiwa na lenzi ya 50 unasimama kama mita 2 kutoka kwa mhitimu ili apatikane kichwa na mabega. Ukiwa na ya 85 unarudi mpaka mita 3.4 ili apatikane vivyo hivyo. Tuseme Jengo Kuu liko mita 40 nyuma yake. Kwa lenzi ya 50 kila nukta ya jengo hilo hutawanyika kiasi cha sentimita 56 ukutani kwake. Kwa ya 85, nilipiga hesabu mara tatu, ni sentimita 56 vilevile. Lenzi ghali haifuti zaidi. Inalikuza tu jengo, na ukungu unakua pamoja nalo. Kila kilicho chembamba kuliko nusu mita, yaani nguzo za madirisha, nyufa, uso wa mtu aliyesimama mlangoni, kinapotea katika zote mbili. Kilichobaki kwangu kuamua ni laini ya ukungu, na kama ukungu wenyewe unahitajika.

Swali hilo la pili lilikuwa limekwisha kuulizwa na mama mmoja aliyesafiri usiku kucha kutoka kijijini kuja mahafali ya bintiye. Binti alitaka ukungu, nikampiga kwa f/1.8 jinsi alivyotaka, na alifurahi. Mama akaishika kamera kwa mikono miwili, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akaniambia, "uso ni wake. Lakini huku nyuma ni wapi?"

"Ni Makerere, Mama. Lile jengo."

"Wewe unajua. Mimi najua. Kule nyumbani watajuaje?"

Binti akacheka kwa aibu, akasema mambo ya picha yamebadilika. Mama hakucheka. Alisema aliuza ng'ombe kwa ajili ya jengo lile, na hakuliona mpaka siku ile. Nikabadilisha tundu kuwa f/8, nikawasimamisha wote wawili, na katika picha hiyo madirisha yalihesabika. Kwa tundu hilo mtawanyiko kwenye jengo ni kama sentimita 12 tu. Binti aliichukua ya kwanza, mama akaichukua ya pili, na kila mmoja alilipia yake kivyake.

Nimeyawaza sana maneno ya mama yule, hasa kwa sababu ya jengo lenyewe. Jengo Kuu lilijengwa mwaka 1941. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Septemba 2020 liliungua, paa likaporomoka. Lilijengwa upya likafunguliwa tena mwaka 2024. Waliohitimu katika miaka ile ya kati walikuwa na sababu nzuri ya kutaka ukungu, kwa maana nani anataka mabaki ya moto nyuma ya joho lake? Lakini miaka mingi ikipita, picha iliyo wazi ndiyo itakayosema, "Mimi nilihitimu wakati ule." Picha yenye ukungu itasema tu kwamba mtu fulani alivaa joho mahali fulani penye rangi ya udongo.

Kule Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alipiga picha za watu wa mji wake tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Nyuma yao alitundika vitambaa vya maua, cha kwanza kikiwa shuka ya kitanda chake mwenyewe, wala hakuvififisha. Alivibadilisha kila baada ya miaka michache, na uzeeni vitambaa hivyo ndivyo vilivyomsaidia kujua picha ipi ni ya wakati gani. Nyuma ya mtu palikuwa kalenda yake.

Sisemi kwamba ukungu ni uongo. Uwanja wa mahafali ni msongamano: hema, viti vya plastiki, mtu anayekula muwa, mabega ya mpiga picha mwingine. Mhitimu amevumilia miaka mitatu au zaidi ya kuwa namba katika orodha, na ana haki ya kuwa peke yake katika picha moja. Ukungu laini humpa haki hiyo, na ukungu wa fujo humnyima. Kwa hiyo nitainunua ile ya 85 fedha zikitimia, kwa ajili ya ule ukingo hafifu wa maduara yake na kwa sababu haimtengenezei mtu kiota kichwani. Ile ya 50 nitabaki nayo, kwa kuwa ninaposogea karibu nasikia watu wanavyozungumza, na wao husahau kamera. Helios nimeirudisha kwa mwenyewe, pamoja na sukari kilo moja.

Ila utaratibu wangu umebadilika. Sasa kila mhitimu nampiga mara mbili kwa bei ile ile, moja kwa f/1.8 na nyingine kwa f/8, kisha namwuliza ni nani watakaoitazama picha hiyo. Wengi huanza kwa kujibu, "Mimi." Kisha hugeuka kumtazama aliyekuja naye.