Nyumba Moja, Ahadi Mbili



Katika mambo ambayo watu huyadhani madogo mpaka yakawafikisha kwenye ugomvi, mojawapo ni kuandika tarehe. Mwenye duka akikosea mizani, hasara yake ni ratili moja au mbili za sukari, na kesho atazifidia. Walakini mwenye nyumba akiwaahidi watu wawili usiku mmoja, hapana fidia ya upesi. Mlango ni mmoja, vitanda ni vile vile, na kila mmoja wa wageni hao ana haki ya kuuliza: "Si mlitwambia tuje?" Nimeona ni vyema kulieleza jambo hili, kwani siku hizi limeingia katika nyumba nyingi za kwetu, na wengi wamelianza bila ya kuujua undani wake.

Sote twajua kuwa Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba za mawe ambazo wazee wetu walizijenga wakae na jamaa zao, leo nyingi hukodishwa kwa wageni kwa usiku mmoja mmoja. Na Nungwi, Paje na Jambiani mambo ni hayo hayo. Zamani mgeni alishuka bandarini, akaongozwa na kijana mpaka mlangoni, na mwenyeji akatazama kama chumba kitupu ndipo akampokea. Leo mgeni huichagua nyumba akali kwao, kwa simu yake, katika mitandao ya kukodisha. Iliyo mashuhuri ni Booking.com, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1996, na Airbnb, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008. Mwenye nyumba atakaye wageni wengi huitangaza nyumba yake katika mitandao yote miwili, na pengine akaongeza wa tatu, kama vile Vrbo. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu kila mtandao una kalenda yake, na kila kalenda huiuza nyumba kana kwamba ni yake peke yake.

Wenye akili walikwisha kulitazama tatizo hili. Yako maandishi maalumu ya kalenda yaitwayo iCalendar, ambayo kanuni yake ilitolewa mwaka 1998 ikatengenezwa upya mwaka 2009, na mitandao mingi huyafahamu. Kila kalenda hutoa anwani yake ya intaneti, na mwenye nyumba huichukua anwani hiyo akaibandika katika mtandao wa pili. Tangu hapo mtandao wa pili huenda kuisoma kalenda ya kwanza, na siku uzionazo zimechukuliwa nao huzifunga kwake. Hili ndilo liitwalo kuoanisha kalenda. Ni jambo jema, wala halina malipo. Lakini lina mambo manne ambayo asiyeyajua hudhani amefunga mlango ilhali amefunga dirisha tu.

La kwanza, anwani moja husomwa kwa upande mmoja. Ukibandika ya mtandao wa kwanza katika wa pili, wa pili utajua habari za wa kwanza, lakini wa kwanza hautajua lolote la wa pili. Hapana budi ubandike na ya kurudi. Kwa hiyo mitandao miwili yataka anwani mbili, mitatu yataka sita, na minne yataka kumi na mbili. Ikisahauliwa moja, siku moja itakuja kukudai.

La pili, kusoma huko si kwa papo hapo. Mtandao huenda kuisoma kalenda ya mwenzake baada ya kila muda fulani, nao waweza kuwa wa saa kadhaa. Katika saa hizo, usiku uliokwisha kuchukuliwa huku bado waonekana mtupu kule. Miezi ya wageni wachache hutaona madhara. Lakini Julai na Agosti, au mwisho wa Disemba, saa chache zatosha kuleta watu wawili. Na tusisahau kuwa mitandao hiyo huendelea kuuza hata sisi tukiwa gizani. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika sana Tanzania na katika nchi za jirani. Siku kama zile mgeni wa Ulaya aweza kuichukua nyumba, na mwenye nyumba huku hawezi hata kuifungua kalenda yake aifunge tarehe.

La tatu, kinachopita baina ya kalenda hizo ni tarehe basi. Bei haipiti, wala idadi ya watu, wala saa ya kufika. Na mgeni akivunja safari, angalia kwa macho yako kama tarehe zake zimefunguka kila mahali, maana baadhi ya kalenda huirudishia nyenzake ile ile habari iliyoichukua kwake, na siku zikabaki zimefungwa bila ya mtu.

La nne, kinachohesabiwa ni usiku, si mchana. Mgeni wa kuingia tarehe 12 na kutoka tarehe 15 amechukua usiku wa tarehe 12, 13 na 14. Tarehe 15 yeye hutoka saa 4 za asubuhi, na mwingine aweza kuingia saa 8 za mchana. Saa nne za katikati ni za kufua mashuka na kupiga deki. Afungaye kwa mkono mpaka tarehe 15 kamili hupoteza usiku mmoja wa pato bila ya sababu.

Hayo yote kijana mwenye simu aweza kuyajua kwa siku moja. Walakini iko kalenda nyingine ambayo hapana mtandao uwezao kuisoma, nayo ni ulimi wa mwenye nyumba. Hii ndiyo iliyotuingiza sisi katika majaribu.

Nyumba ya marehemu baba yetu i Mji Mkongwe. Warithi ni wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, kwa hiyo pato lake hugawanywa mafungu sita baada ya kutolewa gharama za maji, umeme na usafi. Ghorofa ya juu tumeiweka katika mitandao miwili. Mshika kalenda ni mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mdogo. Dada huyo ni mjane, na fungu lake moja ndilo limlipialo ada za wadogo wa kijana huyo. Basi usiku mmoja wa nyumba hii kwake si jambo dogo.

Palikuwa na harusi katika ukoo, na jamaa wa Pemba wakampigia simu kaka yetu mkubwa, wakitaka mahali pa kulala. Akawakubalia pale pale, kama ambavyo mtu wa makamo yake hana budi kuwakubalia jamaa. Kisha akamwambia kijana: "Wageni wetu wa Pemba waingia usiku wa Ijumaa." Kijana akaitika, akaifunga tarehe, akaendelea na shughuli zake.

Sasa tazameni. Kaka yetu ni mtu wa hesabu ya zamani, ambayo siku huanza jua linapokuchwa. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule wa kuamkia Ijumaa, unaofuata mchana wa Alkhamisi. Kijana ni mtu wa hesabu ya skuli na simu. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule ujao baada ya mchana wa Ijumaa kwisha. Akaufunga huo. Usiku wa Alkhamisi ukabaki wazi katika mitandao yote miwili, ukachukuliwa na mke na mume wa Kizungu wenye mtoto mchanga. Kalenda ziliambiana sawa sawa, wala hapana iliyokosea.

Alkhamisi, baada ya sala ya Isha, watu wa Pemba walitoka nyumba ya harusi wakaja na mizigo yao, watu sita, wakabisha hodi. Juu mtoto wa Kizungu alikuwa amekwisha kulala. Bibi mmoja mtu mzima katika wale jamaa alipofahamishwa alisema, "Mwacheni mgeni alale, sisi tu wa nyumbani." Wakagawanywa katika nyumba tatu usiku ule ule. Siku ya pili walikataa kuhama tena, na ghorofa ikalala tupu usiku wa harusi, imefungwa kwa ajili ya watu wasiokuwamo.

Ugomvi haukuwa wa wageni, bali wetu. Kaka yetu aliona ameaibishwa mbele ya jamaa, akaacha kuja kula kwa dada. Dada mkubwa naye akauliza kwa nini usiku ule haukuleta pato, na swali hilo, ingawa ni la haki, lilisikika kama shutuma. Mama wa kijana akalia, akidhani mwanawe anaitwa mwizi. Wiki tatu zikapita hivyo, ndipo nikaombwa niwakutanishe.

Kaka yetu alisema, "Nyumba ya baba yangu, leo niombe ruhusa kwa mtoto wa juzi?" Kijana aliinamisha kichwa, akajibu, "Mjomba, si ruhusa. Mimi nilikuwa nikitaka tarehe tu."

Nikawaambia hapa hapana aliyesema uwongo. Waliokutana mlangoni ni hesabu mbili, na kila mmoja alikuwa mkweli katika hesabu yake. Ama haki ya usiku ule, tulitazama yale tusomeshayo katika mlango wa ijara. Mwenye kukodisha nyumba amemwuzia mtu manufaa yake kwa muda ujulikanao, na manufaa ya muda mmoja hayawi ya watu wawili. Yule Mzungu alikuwa na tarehe iliyoandikwa na fedha aliyokwisha kuilipa. Kumtoa na mtoto wake usiku ingekuwa dhuluma. Jamaa wa Pemba walikuwa na ahadi ya mdomo, nayo ahadi ni deni. Basi deni hilo lililipwa: kaka na mpwa walikwenda pamoja kuwataka radhi jamaa. Kwenda pamoja huko kuliwaponya wao wawili kuliko maneno yangu.

Lililobaki lilikuwa ni utaratibu, nao haukuwa mwepesi, kwani mzee wa makamo yake haoni vyema kumwuliza kijana kila mara kama nyumba yake ni tupu. Tukakubaliana asiulize, bali aambiwe. Kila Jumamosi asubuhi kijana humpigia simu na kumsomea siku zijazo: "Mjomba, usiku wa tarehe 12 una mtu, wa tarehe 13 mtupu." Kaka huandika katika daftari yake mwenyewe. Jamaa akimpigia kati ya wiki humjibu, "Nipe mpaka jioni," na kabla ya jioni kijana amekwisha kuulizwa na kujibu. Sijamsikia tena akilalamika juu ya ruhusa.

Nanyi wasomaji mlio na nyumba kama hiyo, au mnaofikiria kuikodisha, nawausieni haya.

Kwanza, mshika kalenda awe mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wengine waweza kuitazama, lakini wa kufunga na kufungua awe yeye.

Pili, asiahidi mtu kabla ya kalenda kufungwa. Jamaa, rafiki, fundi wa kupaka rangi, yeyote atakayeshughulisha nyumba, tarehe yake ifungwe kwanza, ndipo aambiwe ndiyo.

Tatu, tajeni usiku kwa tarehe yake, na tarehe ya kutoka pia. Msitosheke na jina la siku, na ikiwa mzungumzaji ni mtu mzima, muulizeni: "Wa kuamkia au wa kuchea?"

Nne, siku mliyooanisha kalenda, zijaribuni. Fungeni tarehe moja ya mbali katika mtandao mmoja, mngoje, mtazame kama imefungwa katika mwingine. Kisha mfanye vivyo hivyo kwa upande wa kurudi.

Tano, msipokee wageni wa siku ile ile. Wekeni walau siku moja au mbili baina ya kuchukua nyumba na kuingia, ili ajali ikitokea pawe na nafasi ya kumtafutia mgeni mahali pengine kwa heshima. Na penye wageni wengi, acheni mgeni aombe kwanza nanyi mkubali, badala ya kuchukua mwenyewe papo hapo.

Sita, mwenye kukodisha nyumba nzima mahali pamoja na chumba kimoja kimoja mahali pengine ajue kuwa chumba kimoja kikichukuliwa, nyumba nzima haiuziki tena. Huyo, na mwenye nyumba nyingi, ni bora alipie programu ya kuziunganisha kalenda zote mahali pamoja, ambayo hupeleka habari mara tu nyumba inapochukuliwa, bila ya kungoja kusomwa. Kwa ghorofa moja na mitandao miwili, anwani mbili na uangalifu zatosha.

Vijana wetu wasiwacheke wazee kwa hesabu yao ya siku, kwani ni hesabu ya haki, na ndiyo tuijuayo katika usiku wa mwezi mwandamo. Wala wazee wasiudharau uandishi wa vijana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni. Na usiku uliomwahidi mtu ni deni kama fedha. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwe basi tumeandika ni mgeni yupi ajaye, na ni usiku upi.