Arudhi ya Baiti 1,024

Aghalabu tunapozitaja tarakilishi za kale huzitaja kwa dhihaka: tunahesabu zilichokosa, tunacheka, tunaenda zetu. Naona dhihaka hiyo hutunyima elimu. Ili hoja yangu isielee hewani, nitaishikilia mashine moja tu, Sinclair ZX81, iliyotolewa Uingereza mwezi Machi 1981. Sijawahi kuimiliki. Nimeijua kupitia programu inayoiiga katika tarakilishi yangu, mwongozo wake ukiwa kando.

Iliuzwa kwa pauni 69.95; aliyeweza kulehemu vipuri mwenyewe alilipa pauni 49.95. Ilichomekwa kwenye runinga ya nyumbani, na kazi ikahifadhiwa katika kanda za kaseti. Rangi haikuwa nayo, sauti haikuwa nayo, hata herufi ndogo hazikuwamo. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 1,024. Kwa kuwa herufi moja hukalia baiti moja, insha hii unayoisoma, ewe msomaji, haingeenea humo hata nusu yake.

Kichakataji chake, Z80, ndicho kilichofanya hesabu na ndicho hicho kilichochora picha kwenye runinga. Ilipoamriwa kwenda mbio, kiwambo kilikuwa kitupu hadi hesabu ikamilike; ilipotakiwa kuonyesha picha muda wote, kasi ilishuka hadi takriban robo. Nayo picha ililala katika kumbukumbu ileile: kiwambo kikijaa, kilimeza baiti 793. Ndiyo maana waundaji wake waliamua kwamba, kumbukumbu ikiwa haba kiasi hiki, mstari utatengewa nafasi ya maandishi yaliyomo tu.

Hapo mwanafunzi wa ushairi huanza kusikia sauti anayoijua. Katika programu za mashine hii, sifuri ikiandikwa kwa tarakimu hula baiti 7: moja ya tarakimu yenyewe, sita za umbo lake la kihesabu. Lakini neno la amri, hata liwe refu vipi, lilihifadhiwa kama baiti moja. Basi waandishi wa programu wakaacha kuandika 0, wakaandika NOT PI, yaani kanusho la ile nambari ya duara. Jibu ni sifuri, gharama ni baiti 2. Je, huyu ana tofauti gani na malenga anayetumia inkisari ili mizani zitoshe? David Horne alifika mbali zaidi: aliandika mchezo wa sataranji kwa baiti 672, mashine ikachuana na binadamu. Kweli, kanuni kadhaa ziliachwa, ikiwamo ile ya mfalme kuhama pamoja na ngome.

Najua wanajadi watalishangilia jambo hili na kulitupia watunzi wa mashairi huru. Nawaomba wasiharakishe. Arudhi mshairi huichagua. Baiti 1,024 zilichaguliwa na bei ya vipuri. Tena wenye mashine hizi hawakuuenzi ufinyu huo. Walioweza walinunua kijaluba cha kumbukumbu cha kilobaiti 16, wakakichomeka nyuma, ijapokuwa kilijulikana kwa kulegea, na kikitikisika kazi yote hutoweka. Walipendelea hatari hiyo kuliko kubanwa. Ufundi wa NOT PI naustahi, ila siwezi kuutoa ushahidi kwamba kubanwa ni kheri.

Nilitaka kujua ungebanwa kwa kiasi gani ubeti wa Kiswahili. Mstari wa kiwambo una nafasi 32. Mshororo wa mizani 16, pamoja na mianya yake, hupita hapo na kukatika pasipostahili. Kipande cha mizani 8 huenea na kubakisha. Kwa hiyo tarbia niliyotunga niliipanga kwa vipande: ukwapi mstari wake, utao mstari wake. Kila herufi ilihesabiwa mara mbili, ndani ya programu na juu ya kiwambo. Ubeti wa kwanza ulikaa vyema, kwa herufi kubwa tupu. Wa pili uliingia kwa taabu. Nilipoongeza wa tatu na kuiendesha programu, mashine ilisimama katikati na kuonyesha tarakimu 4 chini ya kiwambo, ambayo kwa mujibu wa mwongozo maana yake ni kwamba nafasi haitoshi.